Matanga ya Mtu wa Runinga

Katika mtaa wa Sogea, pale Tunduma, hapakuwa na mtu aliyelichunga jina la nyumba yake kama Mwalimu Yudita. Alizaliwa Mbebe, juu milimani Ileje, akasomeshwa na baba aliyeuza mbuzi wake wote ili binti yake asiishie kupalilia mashamba ya watu. Akatoka chuo cha ualimu na cheti kizuri na tabia ya kusahihisha watu wanapozungumza. Mumewe, Mwalimu Jairo Sikanyika, alikuwa mkuu wa shule tangu enzi za foleni ya sukari hadi enzi za foleni ya malori, akafa akiheshimiwa pande zote mbili za mpaka. Tangu siku alipozikwa, mkewe alilibeba jina lile kama mtu avukaye mto na beseni la unga kichwani. Hakupiga soga barazani. Hakupaza sauti uani. Watoto wa jirani walipofika getini kwake waliacha kutukanana, wakaendelea baada ya kupita kona.

Mungu alimjalia watoto wawili. Atupele, muuguzi wa zahanati, hakumpa tabu hata siku moja. Amoni, mdogo wake, hakumpa raha hata siku moja.

Amoni alipelekwa Dar es Salaam akasomee uhasibu. Likizo ya kwanza alirudi na ndevu, ya pili akarudi na nywele ndefu, na ya tatu hakurudi kabisa. Badala yake ikaja simu kwamba ameacha chuo, ameingia kwenye maigizo.

"Maigizo gani?" Yudita aliuliza.

"Ya runinga, mama. Nacheza mtu mmoja hivi."

"Mtu gani?"

"Utamwona tu."

Akamwona. Tunduma nzima ikamwona, kuanzia madereva wa malori waliokwama mpakani wakisubiri karatasi zao, hadi wachuuzi wa Nakonde waliovuka jioni makusudi kwa sababu upande wao kituo kile kilishika kwa chengachenga. Mchezo uliitwa *Mgeni wa Stendi*. Ulimhusu kijana aliyeshuka kwenye basi ambalo hakuna aliyeliona likifika. Akalala stendi, akala na wapagazi. Kipofu mmoja muuza karanga akamshika mkono, akaanza kuona. Basi, mchezo mzima ukasimama juu ya swali moja: huyu ndiye yule anayengojwa siku zote, au ni mtu tu mwenye uso mzuri? Mtunzi hakujibu. Kila Jumatano, baada ya taarifa ya habari, aliongeza kitu kidogo cha kuwagombanisha watu, akaondoka zake.

Na mgeni yule aliitwa Amoni. Mwelekezi wa mchezo alikuwa amempa jina jingine, lakini kila alipoitwa kwa jina hilo mbele ya kamera kijana hakugeuka, mpaka mwelekezi akachoka akasema basi, baki na lako. Yudita aliposimuliwa hayo hakushangaa. Hata darasani alikuwa hageuki.

Ndipo adha ilipoanza. Sokoni watu waligawanyika. Waliosema ndiye walinunua nyanya kwa waliosema ndiye, na waliosema siye wakanunua dagaa kwa wenzao. Mabibi wawili wa kwaya moja walikataa kushika kitabu kimoja cha nyimbo. Asubuhi Yudita alikuta chupa za maji zimepangwa ukutani kwake, nje ya geti, ili baraka ya nyumba izifikie. Alizimwaga zote kwenye maua yake. Kesho yake wenye chupa wakaja kuyachuma maua.

Jirani yake wa karibu aliitwa Ferista, mwanamke mchangamfu aliyeuza vitenge, na ambaye runinga yake kubwa ilitolewa uani kila Jumatano ili mtaa mzima uangalie. Siku moja alimsimamisha Yudita njiani.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, niulize kitu. Amoni ulimzaa kawaida?"

"Marahaba. Kawaida kivipi?"

"Yaani... kama tunavyozaa sisi."

"Nilimzaa hospitali ya misheni, kwa uchungu wa kutwa nzima, na alitangulia miguu. Nikuongezee?"

"Alitangulia miguu!" Ferista akajishika kifua. Kabla jua halijazama mtaa wote ulikuwa unajua kwamba Amoni alitangulia miguu, na kwamba hiyo ni ishara, ingawa ishara ya nini hawakukubaliana.

Mama mmoja wa Nakonde, mnunuzi wa mchele, naye alimkuta kwenye benchi la posta. "Mulishani, bamayo," alimwamkia mama mwenzake kwa Kibemba, kwa adabu. "Mwana wenu yule, ni Yeye, au siye?"

"Ni mwanafunzi wa uhasibu aliyeacha masomo."

Yule mama akatafakari. "Ee, bamayo. Hata yule wa kwanza alikuwa fundi seremala tu."

Yudita akaondoka bila kutuma alichokuja kutuma. Ukiwaambia watu wazima kwamba huu ni mchezo, wanakujibu tunajua, halafu wanaendelea palepale walipoishia. Wajinga angewafundisha, hawa walikuwa wanajua, na kujua kwao hakukuwasaidia kitu. Yeye mwenyewe, lakini, kila Jumatano alifunga mapazia, akapunguza sauti ya runinga yake mpaka ikawa mnong'ono, akakaa karibu kabisa na kioo. Alijiambia anakagua kama mwanawe anatamka vizuri.

Angevumilia yote hayo kama si habari ya Atupele.

Atupele alikuwa anaposwa na Ombeni, bwana shamba, kijana mtulivu mwenye viatu vyenye udongo na maneno machache. Walipendana miaka, na wote wawili hawakuwa watoto tena. Baba yake Ombeni alikuwa Mzee Hezron wa Hasamba, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu ambaye katika Mbozi yote alisifika kwa unyofu na kuogopwa kwa huohuo. Iliwahi kusemwa kwamba aligeuza msafara wa posa ukiwa umefika uani, kwa sababu mbwa wa nyumba ile aliitwa Danieli. Kwa ukoo wake, safari ya kwanza ya posa ni ya maneno, ya pili ni ya majibu, na ya tatu ni ya jembe: jembe jipya lisilo na mpini, limefungwa kitambaa cheupe. Msichana akilipokea mbele ya wazee, ameposwa. Lakini jembe likifika likarudi, halitumwi tena katika nyumba ile.

Jembe lilikuwa linakuja Jumamosi. Yudita alikwisha kupaka ukuta chokaa na kumuonya kila jirani. Wiki moja tu ya utulivu, ndiyo aliyoiomba kwa Mungu.

Jumatano ya wiki hiyohiyo, Mgeni wa Stendi akauawa.

Mtu mmoja alimwitia mwizi, wengine wakaokota mawe, na wapagazi waliokula naye wakawa wa kwanza kukimbia, naye akiomba wote wasamehewe. Wakamzika nyuma ya stendi, wakachomeka msalaba wa mbao ulioandikwa AMONI. Picha ikaganda pale. Wimbo wa huzuni ukapigwa hadi mwisho, ikaingia taarifa ya bei ya mazao. Hakuna aliyeambiwa kama kuna wiki ijayo.

Uani kwa Ferista kilisikika kilio, si cha mtu mmoja. Nyuma ya mapazia Yudita alijikuta ameshika kingo za kiti, akajikasirikia. Akampigia mwanawe simu. Haikupatikana. Amoni alikuwa amemwambia kwamba wanakwenda kupiga picha kisiwani ambako mtandao hakuna, na siku ile aliposema hivyo mama yake alishukuru kwamba atapumzika kidogo.

Asubuhi walikuja. Aliwaona kutokea dirishani: wanawake wamejifunga kanga viunoni, wengine na unga kichwani, wengine na mizigo ya kuni, wakitembea ule mwendo wa polepole ambao mtu yeyote anautambua. Akatoka haraka akasimama getini.

"Nani amekufa?"

"Usijikaze, Mwalimu," akasema Ferista, macho mekundu.

"Ferista, ule ni mchezo!"

"Tunajua ni mchezo."

"Sasa kama mnajua, unga huu wa nini?"

"Tunajua ni mchezo, Mwalimu, ila msalabani wameandika jina lake mwenyewe. Mtu huandikwa jina lake msalabani bure? Na simu tumepiga, haipatikani. Wewe umempata?"

Yudita alikuwa hajawahi kusema uongo getini kwake. Akanyamaza, na kule kunyamaza kukatosha. Mwanamke mmoja wa nyuma, muuza mkaa, akaongeza kwa upole: "Mimi hata runinga sina, mwalimu wangu. Sijui kama kafa au hajafa. Nimeona wenzangu wanakuja. Nilipofiwa ulikaa na mimi chini mpaka mwisho. Nisipokuja leo, kesho nitakutazama vipi?"

Yudita akasogea pembeni. Wakaingia. Hadi saa sita turubai lilikuwa limetundikwa, na wanaume wamewasha moto wa matanga katikati ya uwanja uliofagiliwa kwa ajili ya posa. Yudita alikataa kukaa. Alizunguka na viatu vyake miguuni akimwambia kila mtu kwamba hakuna msiba hapa, na kila mtu aliitikia ndiyo, Mwalimu, pole, Mwalimu, akamsogezea mwenzake nafasi kwenye mkeka.

Alasiri akafika wifi yake, Nesta, dada wa marehemu Jairo, kutoka Nanyala. Kilio chake kilisikika tangu kituo cha mabasi.

"Wifi! Wifi yangu jamani! Nimelia tangu Nanyala!"

"Wifi, Amoni hajafa."

"Najua," akasema Nesta, akajifuta. "Nimeambiwa na dereva. Lakini nilikuwa nimepanda basi ninalia, kondakta akanihamishia kiti cha mbele, watu wote wakanipa pole. Ningenyamaza njiani wangenionaje? Hebu nipe maji."

Ijumaa waliongezeka. Kwaya ikaimba. Wa pande zote mbili za soko walikaa mkeka mmoja, waliosema ndiye na waliosema siye, maana mtu akishakufa ubishi unawekwa kando, na wakaanza kubishana kwa sauti ndogo kama atafufuka. Atupele hakulalamika. Alishinda jikoni akisonga ugali wa watu aliotegemea waje kula harusi yake. Yudita alimpigia Mzee Hezron amwombe asogeze siku, akaishia kusalimia tu, kwa sababu kwa wazee wale kuahirisha jembe ni kulikataa kwa adabu.

Jumamosi asubuhi Fuso likasimama getini, na humo akateremshwa fahali mwekundu mwenye pembe pana. Nyuma yake akashuka Luhende, Msukuma aliyefuga na kulima kule bondeni Kamsamba, fimbo mkononi, machozi yakimtoka bila kificho.

"Mama," alisema, "Mwalimu Jairo ndiye aliyewaandikisha wanangu shule siku wenyeji waliponiambia nihame na ng'ombe wangu. Nikasikia mtoto wake amepigwa mawe. Nikasema siwezi kuja mikono mitupu."

Kwake huyu Yudita hakuweza kukasirika, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Akamweleza kila kitu taratibu, kama kwa darasa la kwanza. Luhende akasikiliza hadi mwisho, uso ukamkunjuka.

"Yuko hai? Mungu asifiwe! Kabula atafurahi, mke wangu hajala tangu juzi." Kisha akamtazama fahali. "Lakini tatizo lipo, mama. Ng'ombe wa msiba akishateremka hapandi tena gari. Nikimrudisha, nimeubeba msiba nimeupeleka kwangu."

Fahali akafungwa kwenye mpera. Alikuwa anatafuna pindo la kitambaa cha meza ya posa pale gari la watu wa Hasamba lilipoingia.

Walishuka wazee wa makoti, mmoja baada ya mwingine, na Ombeni nyuma yao ndani ya suti iliyombana. Waliona turubai, moshi, wanawake chini. Wakavua kofia zao wote kwa pamoja. Kilichofungwa kitambaa cheupe kilibaki ndani ya gari, na mlango ukafungwa.

"Poleni sana," akasema Mzee Hezron.

"Karibuni, mzee wangu. Hatuna msiba."

Mzee Hezron akazungusha macho uwanjani bila haraka. "Mwalimu, msiba si maiti. Msiba ni watu waliokaa chini. Na hawa wamekaa."

"Wamekaa kwa sababu ya tivii!"

"Hata hiyo tumeiona." Akakohoa kidogo. "Pale kwangu tunaangalia kwa betri ya gari. Jumatano wazee hawa walikesha kwangu, na tangu hapo hatujaelewana. Tulisema tukija tulizungumze kabla ya yote. Kijana wako, atafufuka?"

"Mimi nitajuaje, mzee? Sikuandika mimi."

"Ni jambo la kujua. Maana akifufuka, mmekufuru, mmejifananisha na Bwana, na jembe letu haliwezi kuingia kwenye kufuru. Asipofufuka, basi alikuwa tapeli aliyedanganya wapagazi, na tapeli huyo ana jina na uso wa kijana wa ukoo tunaotaka kuunganika nao."

Wazee wakatikisa vichwa kuunga mkono. Yudita aliwatazama.

"Kwa hiyo mwanangu ameshakosea akiamka na ameshakosea akilala."

"Ndivyo tulivyoliona sisi."

"Mzee Hezron. Krismasi pale kanisani kwenu Hasamba, mnaigiza kuzaliwa kwa Bwana?"

"Kila mwaka."

"Na wewe umewahi kuigiza?"

Mzee alijinyoosha koti. "Nilikuwa Herode. Miaka mingi tu. Walisema nina sauti."

"Uliua watoto wangapi wa Hasamba?"

Mzee mmoja mnene wa nyuma akatoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa, na alipogeukiwa alikuwa anacheka mpaka anashika mlango wa gari. "Aliua wa shemeji yangu!" alisema. "Na bado anatuuzia kahawa!" Wengine wakashindwa kujizuia. Hezron mwenyewe alisubiri wamalize, akiwa amekaza uso.

"Haya," alisema. "La kufuru tuliweke kando, Mwalimu umeshinda. Lakini jembe haliingii penye matanga. Hilo si langu, hilo tumelikuta."

"Niwaambie waondoke?"

"Waliokuja kukulilia huwafukuzi. Msiba haufukuzwi, unamalizwa. Na anayeumaliza ni mfiwa, akiwa chini pamoja na watu. Nimesikia wewe hukukaa hata mara moja."

Hapo Yudita akaelewa anachoombwa. Alikuwa amesimama tangu Alhamisi, na kusimama kule ndiko kulikuwa neno lake lote. Akikaa, mtaa mzima utasema Mwalimu Yudita, msomi, alikaa matanga ya mtu wa runinga. Watalisimulia hadi Vwawa, hadi Nakonde, kwa lugha zote, na mkewe Jairo Sikanyika atakuwa kichekesho cha kusindikizia pombe. Asipokaa, mlango wa lile gari hautafunguliwa tena.

Aligeuka akamwona Atupele kwenye mlango wa jiko, gauni jipya, unga hadi kwenye viwiko. Ombeni upande wa pili alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama," Atupele akasema polepole, "kama hutaki usikae. Hatutakulaumu."

Angelia, angesihi, angekuwa amemrahisishia. Yudita akainama, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaviweka sambamba kama mtu aingiaye msikitini. Akaenda hadi katikati ya mkeka, akakaa, akanyoosha miguu.

Wanawake wote wakashusha pumzi. Ferista akamfunga kanga mabegani bila kuulizwa. Wakaanza kuja mmoja mmoja. Pole, Mwalimu. Asante. Pole sana. Asante. Kila asante ilimpita kooni kama tonge lisilo na mboga. Alipofika yule muuza mkaa aliyekuwa hana runinga, akamshika mikono yote miwili akakaa naye kitambo bila kusema lolote, na asante aliyomwambia huyo tu ndiyo iliyopita vizuri.

Nesta, ambaye misiba ilikuwa kipaji chake, akasimama. "Sasa tutasikia wasifu wa marehemu."

"Wifi, hakuna marehemu."

"Basi wasifu wa asiyekuwepo. Sema, wifi, watu wana njaa."

Yudita akatazama moto. Kama ni kusema, hataachia uongo ukae hewani nyumbani kwa Jairo.

"Amoni," alianza kwa sauti yake ya darasani, "alizaliwa mtoto wa pili wa familia hii, na tangu siku hiyo hajawahi kufua soksi zake. Alisoma vizuri mpaka alipogundua kwamba anaweza kuwachekesha wenzake. Alipewa ng'ombe na babu yake Mbebe achunge, akawapoteza, wakarudi wenyewe, yeye akatafutwa hadi jioni. Mnasema amefumbua vipofu macho. Hapa nyumbani hajawahi kuponya hata kuku. Kuku wetu walikufa wote kwa mdondo, naye yupo, amekaa pale, anaiga wanavyokufa."

Luhende ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitoka chini kabisa, kikatikisa fimbo. Nesta akamfuata, kisha kwaya.

"Mnasema alitembea juu ya maji ya mtaro wa stendi. Mtoto huyu hawezi kutoka bafuni bila kuteleza. Mnasema hakuwa na tamaa ya dunia. Aliwahi kula nyama ya mchungaji jikoni, mchungaji akiwa sebuleni anaombea chakula." Watu walikuwa wanajifuta macho kwa kanga za msiba. Yeye hakucheka. Alingoja, kama alivyongoja madarasa yote, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Jumatano, aliposema wale watu wasamehewe, alisema kwa sauti ya baba yake. Sikujua kama anayo. Nilimkasirikia kwa kutonionyesha mapema. Akirudi nitamchapa, na nyote mnakaribishwa kutazama. Nimemaliza, na matanga haya yamekwisha."

Nesta hakupoteza nafasi. Akamwaga maji kwenye moto, akafagia majivu hadi nje ya geti, akatangaza kwa sauti kwamba tanga limeanuliwa, mwenye kulia akalie kwake. Mikeka ikakunjwa. Luhende akamwendea fahali, akampapasa shingo.

"Msiba umekwisha yeye akiwa hajachinjwa," alisema. "Kwa hiyo si ng'ombe wa msiba tena. Ni ng'ombe tu." Wazee wa Hasamba wakalijadili hilo kwa ufupi, wakaliona lina akili.

Ndipo mlango wa gari ukafunguliwa. Mzee mnene alilibeba jembe kwa mikono miwili, akaliweka chini mbele ya Nesta, shangazi mtu, ambaye alimuuliza Atupele kama anawajua hawa watu, na kama walilolileta liinuliwe au lirudi. Atupele alijifuta unga kwenye gauni jipya, akainama, akaliinua. Vigelegele vilivyopigwa vilitoka kwa wanawake wenye kanga za msiba viunoni, maana hakuna aliyekuwa na muda wa kubadili, na Yudita alijua kwamba kabla ya jioni itasemwa mjini kwamba kwa Sikanyika waliposa juu ya matanga. Waseme. Jembe lilikuwa mikononi mwa binti yake.

Watu wote walikimbilia upande wa jembe. Mfiwa alibaki peke yake kwenye mkeka wa mwisho, kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi na hakutaka mtu ajue. Kivuli kikamwangukia. Mzee Hezron alikuwa ameshika kofia kwa mkono mmoja, wa pili ameunyoosha.

"Simama, mkwe," alisema.

Hakuna aliyemwinua Yudita kutoka chini tangu Jairo afariki. Aliutazama ule mkono mkubwa wa mkulima, akaupokea. Mzee akavuta.

"Polepole, mzee," akasema Mwalimu Yudita. "Mimi si gunia la kahawa."